Fidla Humfuata Akodiani

Akodiani ya klabu yetu ya taarab haina robo sauti. Ni akodiani ya kawaida, ya vibonye vyeupe na vyeusi, na baina ya kibonye na kibonye hakuna kitu. Katika maqamu, yaani ngazi za sauti tunazopigia, wimbo wa nahawandi hauna taabu, wa hijazi utapita. Lakini nyimbo za rasti na za bayati zina sauti inayokaa katikati ya vibonye viwili, na hapo akodiani haina pa kwenda. Ama itapanda kidogo kuliko inavyotakiwa, ama itashuka. Fidla inaifikia sauti hiyo bila shida, kwa sababu shingo ya fidla haina mipaka: kidole ukikisogeza upana wa punje ya mtama umeshafika. Udi unaweza. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani, inaweza, kwa vile vishikizo vidogo vilivyopangwa upande wa kushoto wa nyuzi. Nai, filimbi ya mwanzi, inaweza kwa pumzi na mdomo.

Sasa wote hao wakae kwenye wimbo mmoja. Fidla zikipiga sauti yao ya haki na akodiani ikapiga yake, msikilizaji atasema watu hawa hawajui wanachokifanya. Maalim wetu, ambaye alikuwa mpiga kanuni na mkuu wa muziki, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alitugeukia sisi wa fidla akasema, "Yeye hawezi kusogea. Nyinyi mnaweza. Basi sogeeni nyinyi."

Nimekuwa mwanachama wa klabu ya taarab Unguja kwa miaka mingi, na sijapata kuona ugomvi mkubwa mle ndani ukamalizika kwa njia nyengine isipokuwa hiyo. Mambo ya fedha, mambo ya nafasi ya kuimba, saa za mazoezi, nani akae mbele: kila tulipotengemaa, ukichunguza utakuta kuna aliyekuwa na uwezo wa kusogea akasogea. Na kila tulipokwama, kuna aliyekuwa na uwezo akakataa. Nataka kueleza nilivyojifunza hilo, na pia pale lilipotuelemea, kwa sababu sheria ile ya Maalim ina upande wa pili ambao watu wengi hawausemi.

Kwetu klabu ya muziki si kitu cha jana. Nadi Ikhwani Safaa iliundwa 1905 na hadi leo ipo. Culture Musical Club ilianza 1958 kwa jina la Shime Kuokoana. Kabla ya klabu, taarab ilikuwa ya kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kumpeleka Mohammed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, arudi ampigie yeye na wageni wake. Klabu zilipokuja zikageuza jambo moja kubwa. Muziki ukawa wa watu waliochaguana wenyewe. Hakuna aliyeajiriwa, hakuna anayempigia mfalme. Unalipa ada ili upate nafasi ya kufanya kazi. Na hata Siti binti Saad, ambaye siku hizi hutajwa kana kwamba alisimama peke yake, alipokwenda Bombay 1928 kurikodi santuri alikuwa na wenzake, kina Maalim Shaaban, Mbaruk, Subeti na Budda. Sauti ile tunayoisifu ilikuwa imeegemea watu.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, mkaazi wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe. Niliingia klabuni kwa mlango wanaoingilia wanawake wengi, yaani uitikiaji. Unaletwa na mtu anayekujua, unajaza fomu, unalipa kiingilio na ada ya mwezi, jina lako linasomwa mkutanoni, basi. Nikakalishwa baina ya nesi na mama mmoja muuza vitumbua. Nyuma yetu seremala alikuwa na besi, karani wa bandarini na akodiani, mvuvi wa mtaa wa Malindi na ngoma ya dumbaki. Nje ya ukumbi ule watu hawa wangekutana msibani tu, tena kwa kupeana mkono na kuachana. Mle ndani ilikuwa lazima wavute pumzi pamoja.

Nasema kuvuta pumzi na ndiyo maana yangu hasa. Watu hudhani kuitikia ni kazi nyepesi, unangoja mwimbaji amalize ubeti nawe unarudia kiitikio. Mashairi yetu mengi yana mizani kumi na sita kwa mstari, nane na nane. Nitoe mfano wa kutunga mwenyewe: *Nanga yangu imezama, sina haja ya upepo.* Pumzi inavutwa baada ya "imezama", na inavutwa na wote mara moja, kwa pua, bila kusikika. Ukiivuta mapema umeikata sauti ya mwenzako. Ukichelewa utaingia kwenye "sina" peke yako na ukumbi mzima utakusikia. Mama wa vitumbua alinifundisha kwa kidole. Alikiweka juu ya goti langu, chini ya kanga, na kila tulipofika pahala pa pumzi alikibonyeza. Hakuniambia neno. Baada ya muda kidole kile kikawa hakina kazi tena, lakini aliendelea kukiweka, na mimi sikumwambia akiondoe.

Jambo jengine alilonipa ni kipimo ambacho nakitumia mpaka leo. Aliniambia, "Mwanangu, ukijisikia wewe, umezidisha. Ukinisikia mimi tu, umepunguza. Tafuta pale unapotusikia sote wawili." Nilichukua muda mrefu kupapata. Na nilipopapata, kitu kikatulia kifuani. Nilikuwa mtu wa kuhangaika, wa kulala nikihesabu nani kanisema nini kazini na nani hakunijibu salamu. Katika ile nusu saa ya kuitikia, sehemu ile ya nafsi inayotaka kusikika ilikuwa inapumzika, kwa sababu haikuwa na la kufanya. Sikupata utulivu wa aina hiyo kwa kukaa peke yangu. Niliupata nikiwa nimebanwa baina ya watu wawili kwenye benchi.

Nilipokuwa bara nikisomea ualimu nilikaa jirani na kanisa, na jioni nikisikia kwaya ikifanya mazoezi: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, kila kundi na njia yake. Sisi hatuko hivyo. Kwetu wimbo ni mmoja na wote tunaupiga huo huo. Tofauti iko kwenye mapambo. Fidla itauteleza, udi utaupiga kwa mkato, kanuni itaumimina na kujaza pale mwimbaji anapovuta pumzi. Uhuru huo ni mtamu na una hatari yake. Wapiga fidla wawili wakipamba pahala pamoja, kila mmoja kwa namna yake, pambo linageuka fujo. Nilipohamia kwenye fidla, baada ya Maalim kuuliza nani anaitaka fidla ya klabu iliyokuwa haina mpigaji, hilo ndilo lililokuwa somo gumu kuliko vidole na upinde. Unamsikiliza mwenzako kabla hajafanya. Unaona upinde wake unapunguza mwendo, unajua anataka kupamba, unamwachia. Ubeti ujao atakuachia wewe. Hakuna katiba inayosema hivyo, na hakuna mwenyekiti anayeweza kuamrisha.

Mume wangu alipofariki nilikaa eda, miezi minne na siku kumi kama ilivyo, na muda wote huo sikugusa fidla wala sikusikiliza wimbo. Wanawake wa klabu walikuwa wakija alasiri kwa zamu. Hawakuja kuleta habari za klabu. Mmoja alichagua mchele, mmoja alikagua madaftari ya mwanangu, nesi alimpima mama mkwe wangu presha. Ada yangu ya miezi ile nani aliilipa mpaka leo sijaambiwa. Nilipomuuliza mshika fedha alifungua daftari, akanionyesha kwamba kila mwezi una alama, akalifunga.

Niliporudi, nyimbo sikuziweza. Mashairi ya taarab mengi ni ya mapenzi, na neno moja tu lilitosha kunitoa machozi. Maalim hakunibembeleza na hakunihimiza. Alipanga mazoezi yaanze na bashrafu, kisha bashrafu nyengine, kisha nyengine. Bashrafu haina maneno. Ni ala tupu, inazunguka na kurudi pale pale, na akili ya mpigaji haipati nafasi ya kwenda pengine kwa sababu ni lazima ahesabu. Nilihesabu. Siku zikapita, mkono ukakaza, na hatimaye nikaweza kusikiliza beti bila ya kuvunjika. Klabu nzima ilikaa kwenye bashrafu kwa wiki kadhaa, waimbaji wako pembeni na vikombe vyao vya kahawa, wala hakuna aliyeguna mbele yangu. Waimbaji waliweza kusogea. Wakati ule akodiani nilikuwa mimi.

Ndiyo maana nikisikia mtu akisema klabu ni mahali pa kupigia muziki tu, simuelewi. Harusi, maziko, hitima, mtoto kufaulu mtihani, yote yanapita mle. Lakini pia nakataa upande wa pili, wa wanaosema tunashikana kwa sababu tunapendana. Tunapendana, ndiyo. Lakini upendo peke yake hauwezi kununua nyuzi za fidla.

Nyuzi hizo hutoka nje, na si rahisi. Shughuli ya harusi ikipatikana, bahasha inaingia kwa mshika fedha. Kuna gari ya kubebea ala, kuna spika za kukodi, kuna umeme wa ukumbi. Na kuna tunza. Wanawake wananyanyuka kwa madaha, noti mkononi, wanakwenda kwa hatua za wimbo hadi kwa mwimbaji na kumtunza, kwa sababu beti ile imemgusa au kwa sababu kuna mtu ukumbini anataka imguse. Hiyo ndiyo roho ya taarab na sitaki ipotee. Ila macho yote yako kwa mwimbaji, na nyuma yake kuna watu kumi na kitu wanaotoa jasho. Kwetu tunza inaingia kapu moja, mwimbaji anapata sehemu yake iliyozidi kidogo ya wengine, inayobaki ni ya klabu.

Mwimbaji wetu mmoja, mwenye sauti ambayo sitachoka kuisifu, hakukubali. Alisema waliomtunza walimtunza yeye. Maneno yake yalikuwa na ukweli ndani yake, na nilimuonea uchungu kwa sababu alikuwa na wazee wawili wa kuwalisha. Palikaliwa vikao. Baadhi yetu walitaka sehemu yake iongezwe, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Wengine walisema tukianza kupima thamani ya kila mtu kwa noti alizotunzwa, mpiga besi atakwenda nyumbani mikono mitupu, na bila besi hakuna anayetunzwa. Hatukupata njia. Aliondoka akaenda kwenye taarab ya kisasa, ile ya vinanda vya umeme, ambako mwimbaji ndiye kila kitu. Mama yake alipofariki klabu yote ilikwenda maziko, wanaume wakachukua jeneza, wanawake tukakaa ndani. Tangu hapo akija hitima kwetu tunampa nafasi ya kukaa na hatumuulizi lini anarudi.

Kilichotuokoa baada ya yeye kuondoka ni daftari. Mshika fedha wetu, dada mmoja mpole sana wa sauti, alianza kusoma hesabu kwa sauti kila mwisho wa mwezi, mstari kwa mstari: bahasha ya shughuli fulani kiasi hiki, tunza kiasi hiki, gari kiasi hiki, nyuzi, betri za maikrofoni, kahawa. Mwanzo watu walichoka kusikiliza. Baadaye nikagundua kwamba minong'ono kwenye benchi imepungua. Kwa maoni yangu robo tatu ya magomvi ya vikundi vya muziki hapa kwetu hayatokani na wivu wa sauti. Yanatokana na mtu kutokujua bahasha ilikuwa na kiasi gani. Tukimaliza kusomewa hesabu ndipo tunapiga, na naapa tunapiga vizuri zaidi.

Mtihani uliotukuza kuliko yote uliletwa na vijana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilianzishwa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi (Dhow Countries Music Academy, DCMA), katika jengo la zamani la forodha pale ufukweni, na baada ya miaka michache wakaanza kutujia vijana wanaosoma nota. Wazee wetu wote walijifunza kwa sikio. Kijana mmoja mpiga seli, ile ala kama fidla kubwa, alikuja na karatasi zake na stendi ya kuziwekea, akauliza, "Wimbo huu uko ufunguo gani?" Mpiga udi wetu akamwambia, "Sikiliza, utaujua." Wala hakukusudia ubaya. Lakini kijana aliona amefungiwa mlango, na wazee waliona karatasi zile zimekuja kuwahukumu. Kwa muda ukumbi ulikuwa na pande mbili hata kwenye ukaaji.

Nani asogee hapo? Mzee wa miaka sabini ambaye vidole vyake vinajua nyimbo mia mbili hawezi kuanza leo kusoma vijimstari. Kijana anaweza vyote viwili, kwa hivyo asogee kijana. Ndivyo tulivyosema, na vijana, Mungu awabariki, wakakubali kuweka karatasi chini na kupiga kwa sikio shughulini. Ila yule wa seli akaomba jambo moja: aruhusiwe kukaa na Maalim siku zisizo za mazoezi, aziandike nyimbo.

Nilikaa nao mara nyingi, nikitia chai. Ilikuwa hivi. Maalim anavaa pete zake mbili kwenye vidole vya shahada, anapachika vijiti, anapiga mstari mmoja wa wimbo wa zamani. Kijana anaandika. Anamuomba arudie ili ahakikishe. Maalim anarudia, na safari hii ni tofauti. Kijana anafuta. Anaomba tena. Tofauti tena. Mwishowe kijana akauliza, kwa adabu, "Maalim, wimbo wenyewe ni upi katika hii mitatu?" Maalim akafikiri, kwa sababu nadhani hakuwahi kuulizwa. Akapiga mstari ule polepole bila pambo hata moja, uchi kabisa, nami niliyeupiga wimbo ule miaka nenda miaka rudi nikawa nausikia kwa mara ya kwanza. "Huu," akasema. "Hayo mengine ni mimi."

Basi kijana akaandika ule uchi. Na pale ambapo kanuni hujaza, Maalim alikataa isiandikwe chochote. "Hapo acha nafasi." Kijana akabuni alama yake, kiduara kidogo kitupu juu ya mstari, maana yake kanuni ifanye itakavyo. Leo klabu ina faili la nyimbo zilizoandikwa, na vile viduara vimo kila ukurasa. Maalim hakujifunza nota hadi anafariki. Lakini alikuwa akiliomba faili, analifungua, anavihesabu viduara vyake kwa kidole, anaridhika. Na vijana, kwa kuuona ule mfupa wa wimbo, wakaanza kupamba kwa akili badala ya kuiga. Hapo ndipo wazee walipoanza kuwauliza wao, "Hebu niimbie ile uliyoiandika, nimeisahau kati kati." Nilipomsikia mpiga udi akiuliza hivyo nilijua pande mbili zimekwisha.

Ramadhani hatupigi. Kabla yake tunavunja jungu pamoja, tunakula, ala zinafunikwa, na mwezi mzima ukumbi ni wa darsa na futari. Halafu Idi inakuja na shughuli zake, na wiki ile ya kwanza kila kitu kimelegea, nyuzi na vidole. Napenda sana mazoezi yale, kwa kuwa hakuna aliye hodari, sote tunaanza chini.

Sasa ule upande wa pili nilioutaja. Sheria ya anayeweza asogee ina ubaya mmoja: anayeweza anajulikana, na anaombwa yeye kila siku. Tulipobadilisha saa za mazoezi ili wanawake wenye watoto wafike nyumbani kabla ya usiku kuingia, walioombwa kusogea ni wanaume wenye biashara zao, wakasogea. Mvuvi wetu hakuweza, kwa sababu bahari ndiyo inayompangia, na bamvua haisubiri dumbaki. Hilo lilieleweka, tukaweka siku mbili. Lakini katika mengine mengi, nani atabaki kufagia ukumbi? Wanawake wanaweza. Nani akae nyuma ya gari na spika? Vijana wanaweza. Nani aache wimbo wake leo? Yule mpole, hana neno. Miaka ikapita hivyo, na nilianza kuona nyuso. Mtu anakubali, lakini halali vizuri. Nesi, aliyekuwa hodari wa kusogea kuliko sote, alianza kukosa mazoezi bila kutoa udhuru.

Nilimpelekea Maalim jambo hili nikiwa na uchungu. Nilimwambia fidla zimechoka kumfuata akodiani. Hakunijibu siku ile. Mazoezi yaliyofuata alisema tutapiga wimbo wa rasti, wa zamani sana, ambao tulikuwa tumeuacha kwa kuwa akodiani haiuwezi. Akamtazama karani wa bandarini. Mzee yule alikuwa na akodiani yake kifuani tangu ujana, hajakosa wimbo hata mmoja. Alifunga mvukuto taratibu, akafunga kamba zake, akaiweka sakafuni, akaomba apewe tari. Fidla tukaanza. Ile sauti ya tatu ya rasti, inayokaa katikati ya vibonye viwili, tuliigusa kwa mara ya kwanza kwa miaka, wote kwa pamoja, bila kumuogopa mtu, na nywele zilinisimama. Mzee wa akodiani alikuwa analia na tari mkononi, anapiga bila kukosea.

Tangu siku ile kila shughuli ina angalau wimbo mmoja ambao akodiani inakaa chini. Na kwenye kamati tukafanya vivyo hivyo. Zamu ya kufagia imeandikwa ukutani na jina la mwenyekiti limo. Anayeacha wimbo wake leo anaandikwa, na shughuli ijayo anaanza yeye. Nesi alirudi.

Maalim ametutoka. Kanuni yake, ambayo ni mali ya klabu, sasa inapigwa na msichana wa skuli ya sekondari aliyekuwa akimshikia ufunguo wakati wa kulinganisha nyuzi. Nyuzi zake zinapita sabini, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake limesimama juu ya ngozi, kwa hivyo masika yakiingia ngozi inalegea na sauti zinashuka hata kabla hajamaliza kuzipandisha. Inambidi afike mapema kuliko watu wote, na bado muda wa kujifunza haumtoshi. Katiba yetu inasema ala za klabu hazitoki ukumbini. Nimeandika hoja kwamba aruhusiwe kwenda nayo nyumbani kwao siku zisizo za mazoezi, na nimempa katibu iingie kwenye ajenda ya mkutano mkuu. Wanaopinga wana sababu za maana: kanuni ni moja, daladala zimejaa, mvua haina taarifa, na tukimruhusu yeye kesho kila mtu ataomba. Seremala amejitolea kutengeneza sanduku la mbao lenye kitambaa ndani, na mzee wa akodiani, ambaye nilidhani atakuwa wa kwanza kupinga, amesema nyumba yake iko karibu na ya msichana huyo, atakuwa anamsindikiza. Kura zitapigwa Jumapili ya kwanza baada ya Idi. Naomba wanachama wote waliolipa ada wafike.